Muulize Fundi: Betri mpya, gari bado linagoma asubuhi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makambako, nina Toyota IST ya mwaka 2004. Tangu baridi ya Juni ianze, asubuhi nikipiga stata nasikia "ka!" mara moja, taa za dashibodi zinafifia, basi. Nikirudia mara tano sita linawaka. Mchana halinisumbui kabisa. Mwezi uliopita nilinunua betri mpya kwa shilingi 140,000. Muuzaji aliifunga mwenyewe, akachomeka na msumari pembeni ili terminali ikaze. Siku nne gari likawa zuri, kisha mchezo ule ule. Sasa fundi wa hapa anasema stata imekufa, anataka 180,000. Hela niliyonayo ni ya ada ya mwanangu. Nifanyeje?
Mwalimu, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lipa ada. Stata usiinunue mpaka ufanye haya nitakayokueleza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jicho langu limeganda kwenye neno ulilolipita haraka: msumari.

Betri za magari ya Kijapani huja na vichwa vya aina mbili, vyembamba na vinene. Terminali ya gari lako, yaani kile kibano cha waya kinachovaa kichwa cha betri, ikiwa pana na betri uliyouziwa ikawa na vichwa vyembamba, terminali inacheza. Hapo ndipo wauzaji wengi huchomeka msumari au kipande cha bati. Ukiitikisa kwa mkono unaona imekaza. Lakini kinachogusana ni msumari upande mmoja na ukingo mdogo wa kichwa cha betri (madini ya risasi) upande wa pili, na baada ya siku chache unga mweupe au wa kijani unaanza kuota katikati yake.

Redio itaimba na taa zitawaka, maana vinahitaji umeme kidogo. Stata ya gari dogo kama lako inavuta ampea 100 mpaka 200 kwa mkupuo mmoja, na zote hizo zinalazimishwa kupita kwenye msumari. Piga hesabu uone. Ampea 150 zikikuta kizuizi cha ohmu 0.02 tu, volti 3 zinaishia pale pale kwenye msumari. Betri iliyojaa ina volti 12.6. Stata inabakiwa na nini?

Na asubuhi ya Makambako inazidisha shida. Oili imeganda kidogo, injini nzito kuzungushwa, stata inadai umeme mwingi zaidi, na betri yenyewe ikiwa na baridi inatoa pungufu. Mchana injini ina moto, inazunguka kwa wepesi, hata muunganiko mbovu unatosha. Kwa hiyo gari linalogoma asubuhi na kuwaka mchana halijakuthibitishia kwamba stata imekufa. Hilo naomba ulishike kabla hujatoa shilingi.

Taa kufifia nako kunasema jambo. Stata ingekuwa mbovu kwa kukatika ndani, au kwa vile vipande vya shaba vya solenoidi (swichi ya umeme ya stata) kuisha, ungesikia "ka!" huku taa zikibaki na mwanga wake. Zikififia zote kwa pamoja, mara nyingi kizuizi kipo kabla umeme haujagawanyika: betri yenyewe, au terminali zake.

Kutofautisha hayo mawili, azima mita ya umeme. Fundi redio yeyote anayo. Iweke kwenye volti za DC, 20. Fanya asubuhi, injini ikiwa baridi, gia kwenye P na breki ya mkono imevutwa. Ncha moja ya mita igusishe kichwa chenyewe cha betri, ile risasi katikati. Ncha ya pili igusishe terminali inayokibana. Kwa macho ni kitu kimoja, vimeachana kwa nusu ya kidole. Mtu mwingine apige stata. Mita ikisoma chini ya volti 0.2, pale pazima. Ikisoma 1, 2 au 3, mwizi umemkamata mkononi. Pima chanya, pima na hasi. Kisha, stata ikipigwa tena, pima kutoka kichwa cha hasi mpaka kwenye chuma kitupu cha injini. Isizidi 0.5, ikizidi waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini, una kasoro.

Huu waya wa ethi nina deni nao. Mwaka 1994, nikiwa bado kijana gerejini Iringa, nilimbadilishia stata mzee mmoja aliyekuwa akibeba viazi kwa pikapu. Alilipa, akaondoka, na kesho yake akarudi akivutwa kwa kamba. Waya wa ethi ulikuwa mzima kwa nje, nilipouchana plastiki yake nikakuta nyuzi zimekuwa unga wa kijani. Stata yake ya zamani, niliyoitupa pembeni, ilikuwa nzima. Nilimrudishia hela yake kwa awamu tatu. Tangu siku ile siuzi stata kabla ya kupima.

Ukishamkamata mwizi, kazi ni ya spana namba 10. Fungua hasi kwanza, ndipo chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi, cheche zitakurukia. Ng'oa msumari, utupe. Mwagia maji ya moto yenye magadi juu ya ule unga, utaona povu linachemka, kisha sugua vichwa na ndani ya terminali kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Linda macho, ile ni asidi. Terminali isipokaza, nunua terminali ya saizi ya betri yako, au ringi ya risasi ya kuvalisha kichwa. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Paka vaselini kwa juu.

Kama terminali zote ni safi na bado linagoma, pima kichwa kwa kichwa wakati stata inapigwa. Ikishuka chini ya 9.6, betri haina chaji au ni mbovu, mpya au si mpya. Injini ikiwaka pima tena: 13.8 mpaka 14.5 ni sawa, ikibaki kwenye 12 oltaneta, ile mashine ya kuchaji betri injini ikiwaka, haichaji. Hayo yote yakiwa mazima, hapo nitakubaliana na fundi wako.

SWALI: Fundi, gari langu ni automatiki. Nikigeuza ufunguo, kimya, hakuna hata "ka", ila taa zinawaka vizuri. Vijana wamelisukuma mpaka wamechoka.
Msomaji, Tanga

JIBU: Kaka, waache vijana wapumzike. Gari la automatiki haliwaki kwa kusukumwa, kwa sababu injini ikiwa imezima gia haina presha ya oili ya kuunganisha matairi na injini. Kanyaga breki, peleka gia kwenye N, piga stata. Likiwaka kwenye N na kugoma kwenye P, swichi ya gia, ile inayoruhusu stata kwenye P na N tu, imechoka au imesogea. Likigoma kote, anza na fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme) ya stata.