Pambo la vitenge linaloning'inia juu ya kitanda cha mtoto liondolewe lini?

Liondolewe mara tu mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, au anapotimiza miezi 5, lolote litakalotangulia, kwa sababu kuanzia hapo anaweza kulivuta na kunaswa na uzi shingoni. Ndivyo wanavyoshauri madaktari wa watoto wa Marekani. Vifungo na shanga nisingevishona kabisa, kwani vikichomoka humkaba. Kuhusu rangi, vipande vya manjano na kijani kutoka soko la Mwanga hapa Kigoma vitamfaa wa kike na wa kiume, ingawa katika wiki za mwanzo mtoto mchanga huvutwa zaidi na nyeusi iliyokaribiana na nyeupe. Lisifungwe kwenye kamba ya chandarua, maana uzito wake hukilegeza.