Re: Mwaka wa pili uhasibu, nifungue uwakala au nifundishe tuisheni?

Mdogo wangu, umesema uko Dar, boom (hela ya mkopo wa chuo) inakata kabla semesta haijafika katikati, na una laki tatu za kuanzia. Uwakala wa pesa za simu achana nao kwa sasa. Floti (hela ya kuzungushia miamala) ya laki tatu inaisha asubuhi kwa wateja wawili, na kibanda kinakutaka siku nzima wakati wewe una vipindi. Mimi niliufanya mwaka wa kwanza, nikakosea namba moja tu ya simu, laki na nusu ikaenda kwa mtu mwingine na nikailipa mwenyewe.

Tuisheni ni nzuri, jioni na wikiendi, mtaji ni kichwa chako. Ila ningekuwa wewe ningezunguka Kariakoo kuulizia kazi kwa wenye maduka. Wengi hesabu ya stoo yao iko kwenye daftari, risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zimejaa kwenye boksi la viatu. Omba kuwapangia hesabu kila Jumamosi, uwawekee kwenye Excel. Hela yenyewe ndogo, na wengine watakupiga chenga kulipa (dai mapema!), lakini ukienda field (mafunzo kwa vitendo) utakuwa unajua kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, wenzako wakitumwa chai.

Mitihani ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, umeshaanza kuiulizia?