Sanduku la Santuri: X mikononi mwa mwanangu

Swali: Kaka, habari za kazi. Naishi Minneapolis na watoto wangu. Mkubwa ana miaka 15, na tangu kiangazi amezama kwenye muziki wa makelele ambao siambulii hata neno. Kabla ya kwenda kwenye maonesho anajichora X kubwa kwa kalamu nyeusi, mgongoni mwa kila kiganja. Pia ana fulana yenye mistari minne mieusi. Nikimuuliza ananijibu, "Mama, ni muziki tu." Je, ni genge? Mwezi ujao ni siku yake ya kuzaliwa na anataka santuri. Nimnunulie au nimkatalie?
*Mama, Minneapolis*

Jibu: Dada yangu, hiyo X isikukoseshe usingizi. Anayeivaa kwa kawaida anatangaza kwamba hanywi pombe wala hatumii dawa za kulevya. Na hayo makelele ni hadikoo, yaani panki, ule muziki wa roki wa gitaa, ulioongezwa kasi na ukali.

Mwaka 1980 vijana wa Washington waliojiita Teen Idles walisafiri hadi California. Katika ukumbi wa Mabuhay Gardens, San Francisco, walichorwa X mikononi ili mhudumu wa baa ajue kwamba hawajatimiza umri. Waliporudi kwao wakawaendea wenye kumbi na ombi hilohilo: tuchoreni, mturuhusu kuingia, hatutagusa pombe. Mwaka uliofuata mmoja wao, Ian MacKaye, akiwa na bendi mpya ya Minor Threat, alitoa "Straight Edge", wimbo wa sekunde 46 unaosema ana mambo ya maana ya kufanya kuliko kulewa. Alama ya kumzuia mtoto baa ikageuka alama ya kujivunia.

Mistari minne ni ya bendi ya Black Flag ya California. Ni bendera nyeusi inayopepea. Aliichora Raymond Pettibon, ndugu yake mpiga gitaa Greg Ginn. Hakuna genge hapo.

Mnunulie. Kwa mtoto wa miaka 15 mwenye X mikononi ningeanza na *Out of Step* ya Minor Threat, ya mwaka 1983. Haifiki hata nusu saa. Jaladani kuna kondoo mweusi anayekimbia kuacha kundi la weupe, na mwanao atajiona pale mara moja. Lebo iliyoitoa, yaani kampuni ya kutoa santuri, ni Dischord, na ilianzishwa na vijana hao wenyewe. Fedha walizolipwa Teen Idles kwenye maonesho hawakugawana. Bendi ilipovunjika wakazitumia kutengeneza santuri yao. Majalada ya zile santuri ndogo za mwanzo waliyakata kwa mkasi, wakayakunja na kuyabandika kwa gundi, moja moja, wao na marafiki zao. Ndiyo maana nawaheshimu sana. Hawakusubiri kampuni kubwa iwaone.

Jambo moja lazima nikuambie waziwazi. Akiendelea kuwasikiliza atafika kwenye wimbo wao wa 1981 unaoitwa "Guilty of Being White", yaani "mwenye hatia ya kuwa mzungu". MacKaye alisoma shule ambazo watoto weusi walikuwa wengi, akaonewa, akaandika. Amesema miaka yote kwamba alikuwa anapinga ubaguzi, nami namwamini. Lakini alikuwa na miaka 19, akayaona maumivu yake tu, na wapo wabaguzi walioudaka wimbo huo kwa nia yao. Mtoto mweusi anayekulia Minneapolis asikutane na wimbo huo peke yake. Keti naye, msikilize pamoja, mwache aseme anavyouona.

*Damaged* ya Black Flag, ya 1981, ningemngojea kidogo. Ni albamu kubwa, mimi mwenyewe siwezi kuishi bila hiyo, ila imejaa uchungu mtupu. Mwimbaji, Henry Rollins, alikuwa na miaka 20, ametoka juzi tu kusimamia duka la aiskrimu Washington, na anaimba kama mtu aliyefungiwa chumbani. Jaladani anapiga kioo ngumi. Bosi mmoja wa kampuni ya MCA, iliyokuwa ikihusika na usambazaji, alikataa kuipeleka madukani, akisema yeye kama mzazi ameiona ni santuri ya kupinga wazazi. Bendi ikayachukua maneno yake, ikayabandika kwenye majalada! Mzazi anayetaka kuielewa aisome karatasi ya maneno kwanza, ataona kwamba wimbo kama "Depression" ni mtu anayeomba msaada.

Na akienda kwenye maonesho avae viatu vya kufunga na aweke vizibo masikioni. Watu husukumana kwelikweli, lakini anayeanguka huinuliwa na walio karibu.

Swali: Ustadhi, umewahi kugusia hapa kwamba Bad Brains, miongoni mwa walioifanya panki iwe kali, ni watu weusi na ni Marasta. Inawezekanaje rege na makelele yale vikae kanda moja?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Swali hili nililisubiri.

Ni vijana wanne weusi wa Washington na vitongoji vyake: H.R. mwimbaji, mdogo wake Earl Hudson kwenye dramu, Dr. Know kwenye gitaa na Darryl Jenifer kwenye besi. Walianza kwa kupiga jazi ya umeme, ile ngumu ya vidole vingi, na hapo ndipo siri ilipo. Panki ya kwanza ilipigwa na wengi waliokuwa bado wanajifunza ala. Hawa walikuwa mafundi tayari, kwa hiyo waliweza kukimbia kuliko mtu yeyote, wakasimama papo hapo pamoja, wakageuza njia bila kugongana. Vijana wa Minor Threat waliwatazama na kujifunza.

Albamu yao ya kwanza, iliyotoka 1982 kwa lebo ya ROIR ya New York, ilitoka kwenye kanda tu, haikuwa santuri. Jalada la njano, radi inapiga kuba la Bunge la Marekani. Nilinunua yangu kwenye duka la mitumba nilipokuwa nikiishi Maryland, na hadi leo ndiyo ninayompa mgeni anayeniuliza hadikoo ni nini.

Sikiliza "Banned in D.C.", wimbo unaotokana na kufungiwa milango na kumbi za mji wao. Dakika mbili na ushee, gitaa linapasua, H.R. anapanda hadi sauti nyembamba ya juu kabisa. Mara unakatika, na kinachofuata ni "Jah Calling": besi inatembea taratibu, gitaa linagusa na kuacha, mwangwi unaelea. Masikio yanahema. Baadaye kidogo "Leaving Babylon" inarudia kazi hiyohiyo. Wao hawakuona kugombana kokote. Katika nyimbo za kasi na za rege pia wanaimba juu ya kukataa Babiloni, jina ambalo Marasta huuita mfumo wa ukandamizaji, na kutokata tamaa. "Attitude" inahubiri fikra chanya, fundisho ambalo H.R. alilipata kwenye kitabu cha Napoleon Hill.

Mtu akikwambia panki kali ni muziki wa wazungu, mpe kanda hiyo.

Swali: Shikamoo mjomba. Tuna bendi, tuko wanne, studio ni ghali. Hao wa Marekani walipata wapi fedha?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hawakuwa nazo. Greg Ginn wa Black Flag alipokuwa mtoto aliuza vifaa vya redio kwa posta, na jina la biashara hiyo, SST, akalifanya la lebo. Kufunga vifurushi na kuvituma alikuwa anakujua tayari.

Lebo hiyo ndiyo iliyotoa *Zen Arcade* ya bendi ya Hüsker Dü mwaka 1984: santuri mbili, nyimbo 23, gharama yote kama dola 3,200. Zote isipokuwa mbili zilirekodiwa walipozipiga mara ya kwanza tu, bila kurudia. Bendi ya Minutemen wa San Pedro, California, marafiki zao wa lebo moja, waliposikia hivyo wakarudi kutunga zaidi, wakatoa santuri mbili zenye nyimbo 45 mwaka huohuo.

Kwa hiyo fanyeni mazoezi nyumbani mpaka kila mmoja ajue sehemu yake usingizini. Mkiingia studio, washeni mitambo, pigeni wote wanne kwa pamoja. Wimbo ambao bado haujakaa uacheni hadi safari nyingine, kwa sababu saa ya studio inalipiwa hata mkiwa mnabishana.