Kusaga meno usingizini: usiishie kwenye dawa ya minyoo

Anayesaga meno usiku hajisikii. Anayesikia ni aliyelala naye chandarua kimoja. Ukilala peke yako, jikague asubuhi: taya zimechoka kama umeshinda ukitafuna muwa, panja zinauma, pembeni mwa ulimi kuna alama za meno, maji baridi yanachoma jino lisilo na tundu.

Huku Mtwara na Lindi jibu la haraka ni "una minyoo". Dawa ya minyoo inywe kwa sababu zake, ila usitegemee kwamba itanyamazisha meno. Kwa mtu mzima, mara nyingi kinachochochea ni msongo wa mawazo (mnada wa korosho umepita, hela haijaingia), pombe, sigara na kahawa ya jioni. Uraka wa mabibo nao ni pombe, hata ukiwa mtamu. Kahawa ya saa 12 jioni, ikifika saa 5 usiku karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Kunywa ya mwisho kabla ya saa 8 mchana. Baadhi ya dawa za sonona, kama fluoxetine na sertraline, zinaweza kuleta tatizo hili. Usiziache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Mchana zoesha taya kulegea: midomo imefungwa, meno ya juu na ya chini hayagusani, ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu. Jikague kila unaposhika simu, utashangaa unavyoyakaza. Kabla ya kulala, weka kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika kwenye mataya kwa dakika 15 hadi 20, kisha kanda ule msuli unaotuna ukikaza meno. Taya zikiwa zinauma, acha muwa, mahindi makavu ya kuchoma na chingamu.

Kinga ya meno ya kuvaa usiku haizuii kusaga. Kazi yake ni kulika yenyewe badala ya jino, kwa kuwa jino likishalika halioti tena. Inayofaa zaidi ni ya plastiki ngumu, inayotengenezwa kwa vipimo vya meno yako. Ulizia kitengo cha kinywa na meno, hospitali ya Ligula kwa Mtwara au ya Sokoine kwa Lindi. Zile laini za kuchemsha na kuuma ni rahisi, lakini hutoboka mapema, na wengine huzitafuna usiku kucha. Isafishe kwa maji baridi na mswaki laini. Maji ya moto au jua la dirishani huipinda, na ikishapinda inasukuma meno. Mtu anayekoroma na kukatika pumzi amwambie daktari hilo kwanza, kabla ya kupimwa kinga ya meno.

Watoto wengi huacha wenyewe wanavyokua. Mpeleke tu akiamka analalamika taya, au meno yakianza kukatika.