Mshale wa RPM unaporukaruka kisha unakufa

Kama injini inavuta vizuri na ni mshale wa RPM (unaoonyesha kasi ya mzunguko wa injini) tu unaochezacheza halafu unalala, usikimbilie kununua geji. Kama pikipiki yako ni ya zamani na geji inaendeshwa kwa kebo, mimi ningeanza na hiyo kebo.

Fungua nati ya kebo nyuma ya geji, washa injini ingurume taratibu bila kuvuta mafuta, kisha chungulia ule waya wa ndani. Ukizunguka bila kusita na ncha yake ya juu haijalika, basi geji yenyewe ndiyo huenda ni mbovu. Ukisimama au ukizunguka kwa kushtukashtuka, zima, uchomoe wote. Angalia ncha zake: zinatakiwa kuwa za pembe nne kali. Zikiwa zimelika na kuwa mviringo, zinateleza ndani ya tundu, na ndipo mshale unapoanza kuruka. Kebo mpya itamaliza kazi, ila usiikunje sana unapoipitisha kwenye usukani.

Waya ukiwa mzima lakini hauzunguki, tatizo liko chini, kwenye gia ndogo inayouendesha pale injini.

Grisi paka kidogo, na acha sehemu ya juu karibu na geji ikiwa kavu. Watu hujaza grisi, ikapanda hadi ndani na kuharibu geji iliyokuwa nzima. Ukikuta oili ya injini imepanda kwenye kebo, badilisha sili (mpira unaozuia oili kuvuja) ya pale chini kwanza.