Maziwa ya nyati baada ya chanjo

SWALI: Nasoma Haryana, India, na mwenye nyumba wangu anafuga nyati-maji aina ya Murrah. Juzi walichanjwa dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo. Maziwa yamepungua na mmoja ana uvimbe shingoni. Je, tuendelee kuyanywa? Na mbona chanjo dhidi ya ugonjwa wa kutupa mimba (brusela) hupewa ndama jike tu?
Msomaji, Karnal

JIBU: Endeleeni, mradi yachemshwe. Virusi vya chanjo hiyo vimeuawa, haviambukizi mnyama wala mnywaji. Homa ndogo baada ya sindano humkosesha nyati hamu ya malisho, maziwa yakashuka kwa siku chache. Uvimbe mgumu usiouma hutokana na mafuta yaliyochanganywa kwenye chanjo; msiupasue. Ukiwa wa moto au ukitoa usaha, aitwe daktari wa mifugo. Hatari kubwa huwa mwanzoni kabisa: mnyama akivimba kope na kuhema kwa shida anahitaji adrenalini papo hapo, ndiyo maana mchanjaji hapaswi kuondoka kabla ya nusu saa.

Chanjo dhidi ya kutupa mimba, iitwayo S19, ina bakteria hai. Hupewa ndama jike wa miezi 4 hadi 8, mara moja. Mwenye mimba akichomwa anaweza kuitupa, na bakteria wakatokea kwenye maziwa. Dume huweza kuharibika korodani. Mchanjaji avae glavu na miwani. Akijichoma, aende hospitali siku hiyohiyo na aitaje S19, asingoje homa.

Ukamuaji ndio wenye makosa mengi. Nyati hupenda tope, na karibu maziwa yake yote hukaa juu kwenye tezi za kiwele, hayashuki upesi kama ya ng'ombe. Osheni chuchu, mzikaushe kwa kitambaa cha mnyama huyo peke yake, kisha mpapase kiwele dakika mbili tatu. Michirizi ya kwanza ikamuliwe kwenye kikombe cheusi ili mabonge, dalili ya kiwele kuugua, yaonekane. Kuchoma homoni ya oksitosini kila siku ili maziwa yashuke haraka ni kumtesa mnyama, mkatae kabisa. Mkimaliza, chovyeni chuchu kwenye dawa ya iodini na mumpe majani ale akiwa amesimama nusu saa, tundu la chuchu lizibe kabla hajalala au kuingia dimbwini.

Jikoni, koroga mfululizo. Maziwa ya nyati yana mafuta takriban asilimia 7, na utando wake huinua povu mapema. Povu kupanda si kuchemka: endelea mpaka yatokote katikati ya sufuria.