Kuimba na jukwaa la Stockholm: ushauri kwa anayekwenda mara ya kwanza

Mgeni anayekwenda kutazama Allsvenskan, ligi kuu ya Uswidi, mara nyingi hununua tiketi ya kiti cha katikati, kwa kuwa pale ndipo mpira unapoonekana vizuri. Mpira atauona. Lakini kile alichokiona kwenye video kikamvuta hadi uwanjani, yaani bendera, ngoma na maelfu ya watu wanaoimba dakika tisini bila kukaa, kiko nyuma ya goli. Sehemu hiyo huitwa ståplats, jukwaa la kusimama, na kwa kawaida ndiyo yenye tiketi ya bei ndogo kuliko zote. Kundi linaloongoza nyimbo pale huitwa klack. Kama umekuja kwa ajili ya utamaduni wa mashabiki, nunua tiketi ya huko au usubiri mechi nyingine.

Stockholm ina klabu tatu kubwa, na ni lazima ujue rangi kabla ya kujua majina ya wachezaji. AIK ni nyeusi na njano, nao huchezea Strawberry Arena kule Solna, uwanja uliofunguliwa 2012 unaochukua watu wapatao 50,000. Djurgården ni buluu mbili, nzito na nyepesi. Hammarby, ambao wenyewe hujiita Bajen, ni kijani na nyeupe. Hawa wawili wa mwisho wanagombana kila mwaka huku wakitumia uwanja mmoja, 3Arena, uliofunguliwa 2013 na kuchukua watu 30,000 hivi. Viwanja vyote viwili vilibadilishwa majina 2024. Ukisikia mtu anataja Friends au Tele2 ujue anazungumzia palepale. Kwenda 3Arena, shuka kwenye treni ya chini ya ardhi kituo cha Globen au Gullmarsplan. Lile jengo la duara kama mpira lililo jirani linaitwa Avicii Arena tangu 2021, kwa kumkumbuka DJ Tim Bergling wa Stockholm, aliyefariki Muscat, Oman, 2018. Kituo kimebaki na jina la zamani.

Rangi zina uzito uleule wa Kariakoo siku ya Simba na Yanga. Michael Olunga alitoka Gor Mahia akaja kuchezea Djurgården 2016, na Wakenya wengi walianza kuifuata klabu hiyo kupitia kwake. Ukitaka kwenda jukwaa la Djurgården, iache nyumbani jezi ya kijani ya K'Ogalo, yaani Gor Mahia, kwa sababu pale kijani ni Hammarby na hakuna atakayekuuliza umetokea Nairobi au wapi. Walinzi wanaweza kukuzuia mlangoni, na wakikuzuia wamekusaidia. Mwenye shaka avae koti la kijivu, kisha anunue skafu ya klabu ya nyumbani akiwa palepale uwanjani. Na usivae nguo nyeusi yenye alama za njano, isipokuwa unakwenda kwa AIK.

Sasa nyimbo. Hapa ndipo muziki wa kawaida wa redioni unapokutana na mpira, na hakuna anayeweza kuelewa jukwaa la Nordic, yaani la nchi za kaskazini mwa Ulaya, bila kuelewa hilo. Kabla ya mechi za Hammarby hupigwa wimbo wa Kenta Gustafsson, "Just idag är jag stark", maana yake leo hasa nina nguvu. Kenta hakuwa mwimbaji wa viwanjani. Alijulikana kama kijana wa mitaani katika filamu za kumbukumbu za Stefan Jarl, mtu aliyehangaika na ulevi na dawa za kulevya, akafariki 2003. Wimbo wa mtu aliyeanguka mara nyingi, akasema leo walau nimesimama, ulifaa sana klabu iliyongoja hadi 2001 kuchukua ubingwa wake wa kwanza. Ukisimama pale na skafu juu ya kichwa huku hujui maneno yanatoka kwa nani, umekosa nusu yake. Kule Göteborg, IFK huingia uwanjani kwa wimbo wa Joel Alme unaomtaja Poseidon, yule wa sanamu kubwa ya Götaplatsen.

Jifunze nyimbo mbili tu kabla ya mechi ya kwanza: ule wa kuingilia na mmoja mfupi wa kujibizana. Usiusome kwanza kwenye karatasi, kwa sababu maandishi ya Kiswidi yatakupoteza. Sikiliza mara kumi, uimbe na rekodi, halafu ndipo uangalie maneno. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna tatizo moja kubwa: silabi zetu huishia na irabu. Tunaposema "stark" mdomo unataka kusema "staraki", na hapo umeshaongeza silabi mbili ambazo hazipo kwenye mpigo. Ukifanya hivyo katika kila neno, kufika mwisho wa mstari wewe uko nyuma na jukwaa zima limeshaanza mstari unaofuata. Funga neno kwenye konsonanti, kavu, hata kama unaona unalikata.

Majina nayo yana mtego. J ya Kiswidi ni y yetu, kwa hiyo Bajen ni "Bayen" na heja, neno la kushangilia, ni "heya". Katika Djurgården herufi D ya mwanzo haisikiki kabisa, na å ni o: "Yurgorden", na kwenye midomo ya mashabiki wenyewe hufupishwa "Yurgorn". AIK hutajwa herufi moja moja, "A-I-Ko". G mbele ya ö hulainika ikawa y. Hiyo ö yenyewe itafute kwa kusema "e" huku midomo imekaa kama ya "o". Ndani ya kelele za watu elfu kumi itatosha.

Jambo la pili ni mpigo. Usifuate sauti ya jukwaa la upande wa pili, fuata mikono ya kiongozi wa nyimbo aliyesimama mbele akiwa ameupa uwanja mgongo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na kutoka goli hadi goli ni zaidi ya mita mia moja. Kinachokufikia kutoka kule kimeshachelewa kama theluthi ya sekunde, na ukipiga makofi kwa kukifuata unaharibu wimbo wa walio karibu nawe. Mpiga ngoma humtazama kiongozi, nawe mtazame mmoja wao. Kiongozi akinyoosha viganja chini, nyamaza papo hapo. Kile kimya kabla ya jibu ni sehemu ya wimbo.

Tifo, yaani picha kubwa inayofunika jukwaa timu zinapoingia, ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na inafaa mgeni aijue kwa sababu mikono yake itaombwa. Chukua mfano wa kitambaa cha upana wa mita 20 na kimo cha mita 15. Roli za kitambaa zina upana wa mita 1.5, ukitoa sentimita mbili kila upande za kushonea unabaki na 1.46, kwa hiyo unahitaji vipande 14 vya mita 15, jumla mita 210. Mchoro hutengenezwa kwenye karatasi ya sentimita 40 kwa 30, ukagawanywa miraba ya sentimita mbili, na kila mraba huwa mita moja sakafuni. Rangi ni ya maji, ile ya ukutani, imezimuliwa: lita moja kwa mita za mraba nane hivi. Ikiwa nene hupasuka kitambaa kinapokunjwa, na vipande hung'oka wakati wa kuvuta. Ikiwa nyepesi mno hupenya hadi sakafuni, na kitambaa hugandia pale. Vyote vikikauka, mzigo unakaribia kilo 50. Viwanja pia hudai kitambaa kitiwe dawa ya kuzuia moto, na kisicho na uthibitisho hakipiti mlangoni hata kama watu wamekesha wiki tatu wakipaka.

Kinachoharibu tifo nyingi ni kukunja, wala si kupaka. Kitambaa hukunjwa kama feni, mkunjo juu ya mkunjo, na ukingo wa juu wa picha ndio unaobaki juu kabisa ya furushi, kwa kuwa ndio unaoanza safari kutoka safu ya mbele kwenda nyuma kwa mikono ya watu. Ukikosea hapo, picha inatoka kichwa chini na hakuna nafasi ya kurudia. Wewe uliye katikati kazi yako ni moja: shika ukingo kwa viganja, upitishe juu ya kichwa kwenda kwa walio nyuma yako, usivute kuelekea kwako. Ukishafunikwa hutaona kitu kwa dakika moja au zaidi. Usisukume kitambaa kwa vidole ili uchungulie, maana anayetazama kutoka upande wa pili anaona vinundu kwenye uso wa picha. Zima sigara mapema kabisa.

Fataki zile nyekundu zenye moshi, bengaliska eldar, utaziona, na zinapendeza. Usibebe hata moja, hata kama umeombwa uishike kwa sekunde tu. Ni kosa kisheria, klabu hupigwa faini, na anayepatikana na kosa anaweza kuzuiwa kuingia viwanjani kwa muda mrefu. Kwa mgeni mwenye kibali cha kuishi nchini, sioni wimbo unaostahili hatari hiyo. Moshi ukija, geuza uso. Usijifunike kwa skafu hadi machoni: tangu 2017 kuna sheria inayokataza kuficha uso kwenye mechi. Mwenye pumu asimame pembeni mwa jukwaa, karibu na ngazi.

Ligi huanza karibu mwisho wa Machi na kumalizika Novemba. Baridi ya Aprili usiku hupandia miguuni kutoka kwenye zege, kwa hiyo koti nene bila soksi za sufu na viatu vya soli nene halisaidii. Simama juu ya kipande cha boksi. Inaonekana ajabu, inafanya kazi. Mkoba mkubwa kuliko karatasi ya A4 mara nyingi hukataliwa mlangoni. Pesa taslimu isahau, beba kadi. Makusanyo ya tifo hufanywa kwa Swish, ambayo inadai akaunti ya benki ya Uswidi, basi asiyekuwa nayo amwombe mwenzake alipe naye amrudishie.

Anayeishi huko asibaki mnunuzi wa tiketi. Ajiunge na klabu yenyewe. Kwa kanuni inayoitwa ya asilimia 51, wanachama wa klabu lazima wawe na kura nyingi hata pale penye wawekezaji, na mwanachama aliyelipa ada ndogo ya mwaka hupiga kura kwenye mkutano mkuu. Kwa njia hiyo mashabiki wa Uswidi waliizuia VAR, yaani waamuzi wa video, isiingie ligi yao. Norway waliianza 2023, na Julai 2024 mechi ya Rosenborg na Lillestrøm ilivunjwa baada ya mashabiki kurusha uwanjani keki za samaki na mipira ya tenisi. Tunaona njia ya kura ina nguvu kuliko keki za samaki, ingawa hasira yao ilikuwa na sababu.

Ukivuka mipaka, kila nchi ina yake. Denmark wanaimba wimbo wa timu ya taifa wa 1986, ule wa "sisi ni wekundu, sisi ni weupe", na mtoto wa shule anaujua. Finland wanashangilia magongo ya barafuni kwa wimbo wa Kiswidi: Uswidi waliuandaa kwa ubingwa wa dunia wa 1995 Stockholm, Finland wakawafunga fainali 4-1, Ville Peltonen akitia matatu, wakabeba kombe pamoja na wimbo. Usiwachokoze Waswidi kwa hilo ukiwa jukwaani kwao. Kule Bodø, kaskazini mwa Norway, utaona miswaki mikubwa ya njano ikipungwa. Ni jadi ya Bodø/Glimt tangu miaka ya 1970. Na makofi ya Iceland yaliyojulikana kwenye Euro 2016 yana kanuni moja inayovunjwa na wageni wote: mikono juu, wazi, ngoma inapiga mara mbili, ndipo kofi moja na sauti moja, kisha unarudisha mikono wazi na kungoja. Nafasi kati ya makofi hupungua polepole. Anayepiga kofi kwenye ngoma yenyewe amewahi.

Filimbi ya mwisho ikilia usikimbilie treni. Wachezaji huja mbele ya jukwaa, washinde au wafungwe, na kuna wimbo mmoja zaidi ambao huimbwa nao. Isitoshe, Globen itakuwa imefurika kwa nusu saa. Imba ule wa mwisho, kisha tembea hadi Gullmarsplan; ni mwendo wa dakika kumi hivi, na huko kuna njia nyingi zaidi za treni na mabasi.